Kusimamia seva ya programu za mawasiliano ya SIP: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yule aliyekabidhiwa seva ya SIP ambamo simu za watu zinapita usiku na mchana. Wengi wetu tumeingia kazi hii tukitokea kwenye seva za wavuti, na mazoea ya huko ndiyo yanayotuponza mwanzoni. Ombi la wavuti huisha kufumba na kufumbua. Simu huishi dakika, pengine saa nzima, na muda wote huo seva inabeba kumbukumbu yake. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye saa. Ukiletewa malalamiko kwamba simu imekatika, uliza kwanza: imekatika baada ya sekunde ngapi?

## Seva hii inafanya nini hasa? Sauti nayo inapita humo?

Kwa kawaida haipiti. SIP ni itifaki ya kuanzisha mawasiliano, kuyabadilisha yakiwa yanaendelea, na kuyamaliza. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999 katika waraka RFC 2543, na linalotumika leo limeelezwa katika RFC 3261 ya Juni 2002. Jumbe zake ni maandishi yanayosomeka kwa macho, na aliyezoea HTTP ataziona si ngeni.

Seva ya programu hupokea ombi la INVITE, yaani ombi la kuanzisha simu, na kuamua cha kufanya: imtafute mpigiwa kwenye simu ipi, imzuie mpigaji, impeleke kwenye ujumbe wa sauti, au imwingize mtu wa tatu. Sauti yenyewe husafiri kwa RTP, itifaki ya kubeba sauti na video, ama moja kwa moja kati ya simu mbili, ama kupitia seva ya midia iliyowekwa kwa kazi hiyo. Shika mgawanyo huu vizuri, maana utakuokoa saa nyingi. Simu isipolia kabisa, tafuta kwenye SIP. Ikiwa imelia, imepokelewa, lakini watu hawasikilizani, tafuta kwenye anwani zilizoandikwa ndani ya SDP (sehemu ya ujumbe inayotaja sauti ipelekwe wapi na kwa namna gani) na kwenye njia ya pakiti za RTP.

## Inatofautianaje na proksi?

Proksi hupokea ujumbe, huuongezea mistari yake, kisha huusukuma mbele. Haina mamlaka ya kukata simu wala kuanzisha nyingine. Seva ya programu inaweza kufanya kazi ya proksi, lakini mara nyingi hukaa katikati kama B2BUA: inampokea mpigaji kana kwamba yenyewe ndiyo mpigiwa, halafu inapiga simu ya pili kwenda kwa mpigiwa halisi. Kwa hiyo simu moja ya mteja ni simu mbili ndani ya seva, kila moja na Call-ID yake, yaani kitambulisho cha simu. Msimamizi asiyejua hili hutafuta Call-ID ya mpigaji kwenye rekodi za upande wa pili, akaikosa, akadhani simu haikufika.

Kwenye mitandao ya kampuni za simu inayofuata IMS (muundo wa kubeba simu juu ya IP), seva ya programu huletewa simu na S-CSCF, seva ya SIP inayosimamia simu za mteja, kupitia kiungo kiitwacho ISC, kulingana na vigezo vilivyohifadhiwa kwa kila mteja. Upande wa Java kuna SIP Servlet, kiwango cha kuandika programu za SIP: JSR 116 ya mwaka 2003, JSR 289 ya mwaka 2008, kisha JSR 359. Majibu yanayotaja programu na sesheni humu yanafuata kiwango hicho.

## Nifungue poti zipi?

SIP hutumia 5060 kwa UDP na TCP, na 5061 kwa TLS. RTP hutumia safu ya poti za UDP utakayoichagua mwenyewe kwenye seva ya midia. Kwa desturi RTP hukaa kwenye poti shufwa, na RTCP, inayobeba taarifa za ubora wa sauti, kwenye witiri inayofuata. Hakikisha safu iliyoandikwa kwenye seva na iliyofunguliwa kwenye faiwoli ni ileile kabisa. Zikipishana hata kidogo, simu chache tu zitakosa sauti, bila mpangilio unaoonekana, na kasoro ya namna hiyo ni ngumu kuikamata.

Poti ya dashibodi ya usimamizi isionekane kutoka intaneti hata kwa dakika moja.

## Nitumie UDP au TCP?

UDP ni nyepesi na kila kifaa kinaielewa, lakini ina mpaka. RFC 3261 inaagiza kwamba ombi likizidi baiti 1300, na ukubwa unaoruhusiwa njiani haujulikani, litumwe kwa itifaki inayodhibiti msongamano, yaani TCP. Vifaa vingi havitii agizo hilo. Vinatuma ombi kubwa kwa UDP, linakatwa vipande njiani, na faiwoli inatupa vipande hivyo. Utaitambua hali hii kwa dalili ya ajabu: simu ya sauti inapita, ya video haipiti, kwa sababu orodha ya kodeki za video (namna za kuigeuza video kuwa data) imeurefusha ujumbe. Au simu inafika moja kwa moja, lakini ikihamishwa mara mbili inapotea, kwa kuwa kila kituo kimeongeza mstari wake wa Via na Record-Route, inayoonyesha ujumbe umepita wapi na zinazofuata zipite wapi.

Ushauri wangu ni TCP au TLS kati ya seva na seva. UDP ibaki kwa simu za mezani zisizo na njia nyingine, na punguza kodeki zisizotumika.

## Simu zinakatika zikifika sekunde 32. Kwa nini zote hapo hapo?

Namba hiyo ni jibu tosha, ukijua inakotoka.

Mpigiwa akiinua simu, upande wake hutuma jibu la 200, yaani "imepokelewa". Mpigaji anatakiwa kurudisha ACK, uthibitisho kwamba jibu hilo limemfikia. ACK isipofika, 200 inarudiwa baada ya nusu sekunde, halafu baada ya sekunde 1, 2, 4, na kuanzia hapo kila sekunde 4. Nusu sekunde hiyo inaitwa T1, na subira nzima ni T1 mara 64, yaani sekunde 32. Zikiisha bila ACK, upande wa mpigiwa unatuma BYE, ombi la kumaliza simu. Wakati huo wote watu wawili wanazungumza vizuri, maana RTP haihusiki na ugomvi huu, ndipo simu inapokatika katikati ya sentensi.

Kwa hiyo swali lako ni moja tu: ACK imepotelea wapi? ACK ya jibu la 200 ina safari yake yenyewe. Haifuati nyayo za INVITE. Inafuata anwani iliyo kwenye mstari wa Contact pamoja na vituo vilivyojiandikisha kwenye Record-Route. Chunguza mistari hiyo miwili ndani ya 200. Sababu ninazokutana nazo zaidi ni hizi:

- Contact ina anwani ya ndani, mfano 192.168 au 10, ambayo mpigaji aliye nje hawezi kuifikia.
- Seva ina kadi mbili za mtandao na inatangaza anwani ya ile isiyohusika.
- Record-Route ina jina la seva badala ya namba, na upande wa pili hauwezi kulitafsiri kwa DNS.
- Ruta ya mteja ina SIP ALG, huduma ya ndani ya ruta inayobadilisha anwani ndani ya ujumbe kwa nia njema na kuuharibu.

Nasa pakiti pande zote mbili za seva kwa wakati mmoja. Ukiona 200 inajirudia kwa mapigo niliyotaja, umepata. Dawa ni kuiandikia seva anwani yake ya nje kwenye mipangilio, na kuzima SIP ALG popote unapoweza. Usiongeze muda wa subira ili simu idumu. Utakuwa umeahirisha kukatika, na seva itajaa simu ambazo hazijakamilika.

## Zangu zinakatika dakika ya 15, nyingine karibu na dakika ya 30.

Hapo umeingia kwenye saa ya sesheni, iliyoelezwa katika RFC 4028. Pande mbili hukubaliana kwamba simu ihuishwe kila baada ya muda, ili simu iliyokufa kimyakimya isibaki kwenye kumbukumbu milele. Muda unaopendekezwa ni sekunde 1800, na mwenye jukumu la kuhuisha hufanya hivyo nusu ya muda ikifika, yaani sekunde 900.

Sasa soma dalili yako. Ikikatika dakika ya 15, ombi la kuhuisha lilitumwa, likajibiwa vibaya au halikujibiwa kabisa, na mtumaji akakata. Tafuta 408 (muda wa kusubiri umekwisha) au 481 (simu haijulikani) kwenye logi. Ikikatika karibu na dakika ya 29 na nusu, ombi hilo halikufika kamwe upande wa pili. Aliyekuwa akilisubiri amechoka na kutuma BYE sekunde 32 kabla ya muda kwisha, kama waraka unavyopendekeza. Mara nyingi utakuta faiwoli imefunga muunganisho wa TCP uliokaa kimya, au njia ya UDP imekwisha muda.

Jibu la 422 lina maana kwamba muda ulioombwa ni mfupi mno kwa upande wa pili. Kiwango cha chini kabisa ni sekunde 90.

Kuna anayezima saa hii ili malalamiko yaishe. Nakusihi usifanye hivyo. Siku ruta ya mteja itakapozimika katikati ya simu, hakutakuwa na wa kutuma BYE, na simu hiyo itahesabiwa, pengine hata kutozwa, hadi mtu aigundue.

## Programu yetu inasahau data za simu baada ya dakika tatu. Ni kasoro ya seva?

Hapana, ni chaguo-msingi la kiwango. Katika SIP Servlet, sesheni ya programu isipopangiwa muda wake huisha baada ya dakika 3. Mwandishi wa programu aliyejaribu kwa simu fupi za nusu dakika hataliona tatizo hilo kamwe. Utaliona wewe, kwenye simu za watu halisi.

Muda huo hupangwa kwenye faili la sip.xml, au programu yenyewe huuongeza inapoarifiwa kwamba sesheni inaelekea kuisha. Ukiandika sifuri au namba hasi, sesheni haitaisha kamwe, na jambo hilo linanitia hofu kuliko zile dakika tatu: programu ikisahau kuifunga sesheni, kumbukumbu inavuja polepole na seva inaanguka baada ya siku kadhaa. JSR 289 ilileta utaratibu wa kuzifunga sesheni zenyewe kazi yake inapokwisha. Utumie, kisha weka muda mrefu wenye kikomo.

## Nimesakinisha programu, imewaka bila kosa, lakini haipokei simu yoyote.

Angalia kipanga-njia cha programu. Kwenye JSR 289 si programu inayoamua kupokea simu. Kuna sehemu maalumu inayoamua ombi liende kwa programu ipi, kisha ipi, kisha ipi. Kipanga-njia cha msingi husoma faili la mipangilio lenye mstari kwa kila aina ya ombi: INVITE, REGISTER, MESSAGE na kadhalika. Jina la programu lisipokuwemo, au likiwa na herufi moja kubwa mahali pa ndogo, programu itakaa bure.

Mpangilio nao una uzito. Programu ya kuzuia wapigaji wasumbufu ikitanguliwa na ile ya kuhamisha simu, simu itahamishwa kwanza na kizuizi hakitakuwa na la kufanya. Chora mpangilio wote kwenye karatasi kabla ya kuugusa.

## Logi imejaa 401 na 407. Tunashambuliwa?

Huenda la. Kifaa hutuma ombi la kwanza bila uthibitisho, seva hujibu 401 (au 407 kama ni proksi) pamoja na namba ya changamoto, na kifaa hurudia ombi kikiwa na jibu lililokokotolewa kutokana na nywila. Kwa hiyo 401 moja kabla ya kila mafanikio ni hali ya kawaida. Cha kutia shaka ni 401 nyingi zisizofuatwa na 200. Zikitoka kwa mtumiaji mmoja, nywila yake ni mbaya au jina la eneo la uthibitisho limebadilishwa. Zikitoka kwenye anwani moja zikijaribu majina mengi, hapo ndipo unashambuliwa.

## Majibu gani mengine nijue kwa moyo?

Yanayoanza na 1 ni taarifa za njiani: 100 inamtuliza mtumaji asirudie, 180 ni mlio. 486 ni mpigiwa ana simu nyingine, na 487 ni mpigaji amekata kabla haijapokelewa. Hizo ni tabia za watu, usizihesabu kama hitilafu. 480 mara nyingi ni kifaa kisichojisajili. 488 ni kodeki zisizolingana. 483 ni ujumbe uliozunguka hadi Max-Forwards, ambayo kwa kawaida huanza na 70, ikafika sifuri: kuna mahali seva mbili zinarushiana simu ileile.

Yanayonifanya niache ninachokifanya ni mawili. La kwanza ni 481, linalosema "simu hiyo siijui". Likiongezeka kwenye klasta, yaani seva (nodi) kadhaa zinazofanya kazi kama moja, nodi moja imepoteza kumbukumbu au kisawazisha mzigo kinapeleka jumbe kusikotakiwa. La pili ni 503, linalosema "siwezi kuhudumia kwa sasa", nalo lina swali lake hapa chini.

## Mmoja anasikika, mwingine hasikiki.

Fungua SDP ya kila upande usome mstari wa c na wa m: hapo kila kifaa kinasema "nitumie sauti kwenye anwani hii na poti hii". Anwani ya ndani ikitangazwa kwa mtu wa nje, sauti itatumwa isikofika. Suluhisho la kuaminika ni seva ya midia iliyo mpakani, inayopokea RTP kutoka kila upande na kujibu kwenye anwani ambayo pakiti zimetokea kweli, bila kujali iliyoandikwa. Kwa upande wa SIP yenyewe kazi kama hiyo, ya kujibu ujumbe ulikotokea kweli, hufanywa na kigezo cha rport, cha RFC 3581. Kiwashe.

## Mteja anabonyeza namba kwenye menyu, menyu haisikii.

Pande mbili hazijakubaliana namna ya kupeleka mibonyezo. Njia inayofaa ni pakiti maalumu ndani ya RTP, zilizoelezwa katika RFC 4733. Njia nyingine ni ujumbe wa INFO, na ya tatu ni mlio wenyewe ndani ya sauti, ambao kodeki zinazobana sauti huuharibu. Tafuta "telephone-event" kwenye SDP za pande zote mbili. Upande mmoja ukiikosa, sababu ndiyo hiyo.

## Nitajuaje ukubwa wa seva ninayohitaji?

Kwa hesabu ya kuzidisha. Simu mpya kwa sekunde, mara wastani wa urefu wa simu kwa sekunde, ni simu zitakazokuwa wazi kwa pamoja. Simu 20 kwa sekunde zenye wastani wa dakika 3 ni 20 mara 180, yaani simu 3,600. Kwenye B2BUA kila moja ina pande mbili, kwa hiyo kumbukumbu ibebe 7,200.

Usajili, yaani kifaa kuijulisha seva mahali kilipo, unasahaulika sana. Simu 36,000 zinazojisajili kila sekunde 3600 zinaleta ombi 10 kwa sekunde, na uthibitisho unazifanya 20. Mtu akipunguza muda huo hadi sekunde 60 ili njia za NAT (ruta inayoficha anwani za ndani) zisifungwe, yanakuwa maombi 600, na kwa uthibitisho 1,200 kwa sekunde, bila mtu hata mmoja kupiga simu. Kwa kazi hiyo ya kushikilia njia, pakiti tupu za mara kwa mara zinatosha na ni nafuu zaidi.

Kama sauti nayo inapita kwako, kodeki ya G.711 yenye pakiti za milisekunde 20 hula kilobiti 80 kwa sekunde kila upande ukijumlisha vichwa vya IP, UDP na RTP. Simu 3,600, kila moja ikiwa na pande mbili, ni megabiti 576 zinazoingia na nyingine kama hizo zinazotoka. Hiyo ni sababu nzuri ya kutoweka sauti na SIP kwenye mashine moja.

Kabla ya kuamini hesabu yoyote, ipime seva kwa SIPp, zana ya kuiga simu nyingi, ukitumia mtiririko unaofanana na simu zako, uthibitisho ukiwemo. Jaribio la INVITE peke yake hutoa namba za kupendeza zisizo na kazi.

## Kila baada ya muda seva inaganda kidogo, kisha logi inajaa jumbe zilizorudiwa. Nini hiki?

Kama seva ni ya Java, tazama kwanza ukusanyaji wa taka za kumbukumbu. Rudi kwenye ile nusu sekunde. Seva ikisimama kwa zaidi ya milisekunde 500, kila kifaa kinachosubiri jibu kwa UDP kinarudia ombi lake. Seva ikiamka inakuta foleni ya maombi yaleyale mara mbili, inachelewa zaidi, nayo yanarudiwa mara ya tatu. Kwenye wavuti, kusimama sekunde moja hakuna anayekugundua. Huku ni mwanzo wa dhoruba.

Washa logi ya ukusanyaji wa taka uone urefu wa kila kusimama. Usiongeze kumbukumbu ya JVM (mashine inayoendesha programu za Java) kwa kudhani zaidi ni bora. Kumbukumbu kubwa yaweza kurefusha kusimama. Ukitumia G1, mojawapo ya njia za Java za kukusanya taka, panga lengo lake la muda liwe chini sana ya nusu sekunde. Kisha chunguza nyuzi za kazi: hakuna uzi wa SIP unaopaswa kusubiri hifadhidata au DNS. Niliwahi kutumia siku mbili nikirekebisha kumbukumbu, kumbe seva ya DNS iliyoandikwa ya kwanza kwenye orodha ilikuwa imezimwa, na kila simu ilikuwa ikiisubiri kabla ya kwenda kwa ya pili.

Mzigo ukizidi kweli, seva ikatae mapema. Kujibu 503 yenye Retry-After ni kazi ndogo kuliko kuipokea simu na kuishindwa katikati. Lakini 503 ina makali pande mbili: anayeipokea anaweza kuihesabu seva nzima kuwa imekufa na kuhamishia mzigo wote kwa jirani yake, naye akaanguka. Kwa hiyo kataa sehemu ya simu mpya tu, na usikatae kamwe BYE, maana BYE ndiyo inayokupunguzia mzigo. RFC 7339 ya mwaka 2014 imeweka utaratibu wa seva kuelezana kiasi cha kupunguza. Kama vifaa vyako vinauelewa, uwashe.

## Tunaongeza nodi ya pili. Nizingatie nini?

Jumbe zote za simu moja zifike mahali penye kumbukumbu ya simu hiyo. Kisawazisha mzigo cha kawaida cha TCP hakitoshi, kwa sababu muunganisho mmoja hubeba simu nyingi. Kinatakiwa kisome Call-ID au alama ambayo seva imeiandika kwenye anwani. Ukaguzi wa uhai ufanyike kwa OPTIONS, ombi la kuuliza tu kama seva inajibu, usiishie kwenye kuangalia kama poti iko wazi: mchakato ulioganda bado una poti wazi.

Kunakili sesheni kwenda nodi nyingine kuna gharama. Simu iliyokwisha kupokelewa inastahili kunakiliwa. Inayoendelea kulia mteja ataipiga tena. Na kila kitu ambacho programu imekiweka ndani ya sesheni kiwe kinaweza kugeuzwa baiti na kurudishwa. Lijaribu hilo kwa kuizima nodi moja kwa makusudi mchana, ukiwa macho, kabla halijajijaribu lenyewe.

## Nawekaje toleo jipya bila kukata simu za watu?

Iondoe nodi kwenye zamu polepole. Mwambie kisawazisha mzigo asipeleke simu mpya kwenye nodi hiyo, ziache zilizopo ziishe, kisha izime. Nusu saa itamaliza nyingi, lakini kutakuwa na mkutano wa saa tatu usiokwisha. Amua mapema utasubiri hadi lini, na uwaarifu watu. Usajili uwe umehifadhiwa nje ya kumbukumbu ya nodi. Vinginevyo, ukiiwasha upya, simu zote zitaonekana hazipo hadi muda wa kila moja wa kujisajili ufike.

## Nijilindeje na wavamizi?

Poti 5060 ikionekana kwenye intaneti itaanza kuchunguzwa upesi sana. Utaona OPTIONS na REGISTER kutoka anwani usizozijua, nyingine zikijitambulisha waziwazi kwa jina "friendly-scanner", ambalo ni alama ya zana ya SIPVicious. Wanatafuta mtumiaji mwenye namba 100 na nywila 100. Wakimpata, watapiga namba za nje zenye malipo makubwa, mara nyingi usiku au siku za mapumziko, na bili itakuja kwako.

Nywila ziwe ndefu, zizalishwe na mashine, na jina la kuthibitisha lisifanane na namba ya simu. Jibu la seva liwe lilelile kwa mtumiaji aliyepo na asiyepo, ili mchunguzi asipate orodha yako. Weka kikomo cha simu za pamoja kwa kila mtumiaji. Funga nchi na aina za namba ambazo hakuna anayezihitaji. Kwangu huu ndio ulinzi wenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu unafanya kazi hata nywila ikishaibwa.

TLS hulinda kila hatua peke yake, kutoka kituo hadi kituo, na sauti inahitaji SRTP, yaani RTP iliyosimbwa. Funguo za SRTP zikibebwa ndani ya SDP huku SIP ikienda bila TLS, ufunguo umeachwa mlangoni.

## Nitumie zana gani kuchunguza?

tcpdump kunasa, sngrep kuona mtiririko wa simu papo hapo, Wireshark kuchambua na kusikiliza RTP. Acha tcpdump ikizunguka kwenye mafaili yenye kikomo cha ukubwa, ili hitilafu ya saa nane usiku ikusubiri asubuhi:

`tcpdump -i any -s 0 -C 100 -W 20 -w simu.pcap port 5060`

Kwa TLS pakiti hazitasomeka, hivyo washa logi ya SIP ndani ya seva yenyewe. Saa za mashine zote zilinganishwe kwa NTP, maana hutaweza kufuata mapigo ya nusu sekunde kwenye logi zinazopishana kwa sekunde tatu. Mafaili haya yana namba za watu na hata namba za siri walizobonyeza. Yafunge, na yafute kwa tarehe uliyoipanga.

## Nipime nini kila siku?

Simu mpya kwa sekunde, majibu ya 5xx (makosa ya upande wa seva), jumbe zilizorudiwa, urefu wa kusimama kwa JVM, na tarehe ya mwisho ya vyeti vya TLS. Ongeza kipimo kimoja ambacho wengi hawana: idadi ya sesheni zilizo wazi saa ya utulivu mkubwa, tuseme saa kumi alfajiri. Iandike kila siku. Wakati huo karibu hakuna anayeongea, kwa hiyo namba iwe ndogo na isipande. Ikiwa juzi ilikuwa 40, jana 95 na leo 160, kuna programu isiyofunga sesheni zake, na una siku kadhaa za kuitafuta kabla watumiaji hawajaligundua.